Celica yakabwa koo Mjimwema

UKIMTAJIA kijana wa Dar es Salaam jina la Mjimwema, akili yake inavuka pantoni moja kwa moja. Anaiona Kigamboni, mchanga, mishikaki na watu waliojiachia na kaptula zao Jumapili mchana. Pole sana ndugu yangu. Mjimwema ninayokupeleka leo haina pantoni wala bahari. Ni kata ya Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar, na ukienda mwezi wa sita bila sweta utajua mwenyewe jinsi meno yanavyogongana.

Mjimwema nchi hii ziko nyingi, hata Njombe wanayo yao. Lakini hii ya Songea ina nafasi yake kwangu. Kwanza, Bibi mzaa mama anaishi huko. Pili, ndiko nilikoona gari la spoti, lenye sifa za kuzungukia dunia, likinyenyekezwa na kikopo cha bati kisichozidi kopo la maziwa ya kwenye chai.

Basi tulia, vuta kigoda, nikupe mkasa.

MACHO MANNE
Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 1994, milango miwili, ile yenye taa nne za mviringo mbele. Mtaani kwetu wanaliita Macho Manne. Nililinunua kwa jamaa mmoja aliyekuwa amechoka nalo, na tangu siku hiyo kila mwenye mdomo ameshaniambia ni mkweche. Waache waseme. Wivu hauna breki.

Kwa vijana mliozaliwa juzi, niwape historia kidogo. Celica si jina la kubezwa katika Afrika Mashariki. Mbio za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953 na ambazo zamani zilikuwa zikikatiza Kenya, Uganda na huku kwetu, zilitawaliwa na Celica miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Ikashinda tena 1990, kisha ikachukua minne kwa mpigo kuanzia 1992 hadi 1995. Ule wa 1994 aliuchukua Mkenya, Ian Duncan. Waulizeni kaka zenu na baba zenu, watawasimulia vumbi lake.

Kweli, yangu si ile ya mashindano yenye kusukuma magurudumu yote manne. Yangu inavuta kwa mbele tu, kistaarabu. Lakini jina ni lile lile bwana, na ukikanyaga mafuta inakujibu.

Nilikuwa na sababu ya maana ya kwenda. Bibi macho yalikuwa yamemsumbua mwaka mzima. Alifikia hatua ya kumsalimia mbuzi wa jirani akidhani ni mtoto. Ukoo tulichangishana, fedha zikatiwa kwenye bahasha ya kaki, nikakabidhiwa mimi nimpeleke hospitali ya misheni Peramiho siku ya Jumatatu. Bibi naye alishatangaza mtaa mzima wa Mjimwema kwamba mume wake anatoka Dar na gari lake kumchukua. Mume ndiye mimi. Si mnajua bibi zetu na utani wao.

LUKUMBURU HAPAFAI MASIHARA
Kutoka Dar hadi Makambako sina la kulalamika. Mikumi tulipishana na twiga, Kitonga gari lilipanda kama linakimbizwa, Iringa nikala, Mafinga nikavaa sweta. Makambako unaiacha barabara kuu ya kwenda Mbeya, unakata kushoto kuifuata Njombe. Katika kituo kimoja cha mafuta njiani, jina lake nalihifadhi, nikajaza tanki maana taa ya njano ilishaanza kunikonyeza.

Baada ya Njombe ndo mambo yakaanza kubadilika. Ipo sehemu inaitwa Lukumburu, kona juu ya kona, unashuka mpaka masikio yanaziba halafu unatakiwa upande tena. Kwenye kupanda, Celica ikakohoa. Nikakanyaga mafuta, ikakohoa zaidi. Nikapunguza mguu, ikatulia. Nikakanyaga tena, ikawa kama mtu aliyeshikwa koo. Lori la mahindi, na shehena yake yote, likanipita! Utingo juu ya magunia akanipungia mkono. Loh, fedheha hiyo.

Madaba nilipita, Gumbiro nikapita, kila kwenye tambarare gari linakwenda vizuri, kila kwenye kilima linaomba maji. Nikaingia Mjimwema Ijumaa jioni kwa gia ya pili, watoto wakikimbia pembeni na kunishinda.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na khanga mpya. "Mume wangu umefika?" Nikamwamkia, akaitika, akaja kulipapasa gari kuanzia taa hadi mkia. "Mbona fupi hivi? Au nusu yake umeiacha njiani?"

PAMPU IMEKUFA
Jumamosi asubuhi nikalipeleka kwenye gereji moja kubwa mjini. Kijana wa pale alivaa ovaroli safi kuliko shati langu. Akafungua boneti, akawasha, akazima, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye sinema. Kwa maelezo yake, pampu ya mafuta ilikuwa imekufa. Nyingine iagizwe Dar, ije na basi, laki nne na nusu pamoja na ufundi, na nisubiri kama wiki hivi.

Wiki! Na Bibi miadi yake Jumatatu.

Hapo hapo akatokea bwana mmoja mwenye miwani ya jua, sijui nani alimwita. Akalizunguka gari mara mbili, akasema eti ananionea huruma tu, yuko tayari kuliondoa mikononi mwangu. Bei aliyotaja, hata baiskeli mpya ya gia ingegoma. Mjomba wangu niliyekuwa naye akanivuta pembeni. "Mpwa wangu, uza. Gari za mashindano hizi si za sisi wenye kulala na njaa."

Tukarudi nyumbani kichwa kinauma. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akarudi na ile bahasha ya kaki niliyokuwa nimempa aihifadhi. Akaniwekea mapajani. "Chukua hii ukatengeneze gari lako, mume wangu. Jicho langu limengoja mwaka mzima, halitashindwa kungoja mwingine."

Msomaji, kuna maneno yanasemwa kwa upole lakini yanakuchoma kuliko tusi. Nikairudisha bahasha mkononi mwake. Nikamwambia bahasha ile haifunguliwi mpaka Peramiho, liwake lisiwake. Ndipo binti wa jirani, aliyekuwa akichambua maharage barazani huku masikio yote yako kwetu, akasema, "Kaka, kwani kwa mzee wa chini ya mwembe umeshafika?"

MZEE WA CHINI YA MWEMBE
Gereji ya huyo mzee haina ukuta wala kibao. Ina mwembe mkubwa, benchi la mbao, injini mbili zilizofumuliwa, vijana watatu weusi kwa oili na redio inayokoroma. Kwa mbali unaiona milima ya Matogoro, ambako mto Ruvuma unaanzia kabla haujaenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Inasumbua kwenye mlima tu, au hata ikisimama?"

Nikashangaa, sijasema kitu. Kumbe alinisikia nikija. Nikamwambia ni kwenye mlima tu. Akauliza mafuta niliweka wapi, filta ya petroli ilibadilishwa lini. La kwanza nikamjibu. La pili halikuwa na jibu, maana aliyeniuzia hakuniachia hata karatasi moja ya matengenezo.

"Basi usizike mtu kabla hujampima mapigo," akasema. "Pampu ikifa, gari haiwaki kabisa. Hii inawaka, inanguruma, inatembea tambarare. Pampu inaweza kuchoka, sikatai, lakini tunaanza na cha bei rahisi."

Halafu akanipa darasa ambalo nakugawia bure. Katika gari hili petroli inavutwa na pampu iliyomo ndani ya tanki. Mdomoni mwa pampu pana chujio la kwanza, laini kama soksi, la kuzuia taka kubwa. Kisha mafuta yanasafiri kwa bomba hadi mbele, yanapita kwenye filta ya pili, hicho kikopo cha bati chenye karatasi maalumu ndani, ndipo yafike kwenye nozeli. Matundu ya nozeli ni madogo mno, punje ya uchafu inatosha kuyaziba, ndo maana kikopo kimewekwa hapo kama askari wa getini. Gari likiwa tambarare linakunywa kidogo, hata filta iliyoziba nusu inatosheleza. Kwenye mlima linataka kunywa sana, filta haipitishi, injini inabaki na kiu.

Bibi, ambaye alikuja nyuma yetu akishikwa mkono na yule binti, akadakia, "Si kama kuchuja togwa na kitambaa kilichojaa machicha? Unaminya mpaka vidole vinauma, kinachotoka ni matone."

"Umemaliza, mama," mzee akasema. "Na wewe ungekuwa fundi."

KAZI YENYEWE
Kwanza aliacha injini ipoe kabisa. Akaamuru sigara zote zizimwe na kijana mmoja akasogezwa na jiko lake la kuchemshia chai mpaka ng'ambo ya barabara. Petroli haina rafiki.

Pili, akakata umeme wa pampu kwa kuchomoa fyuzi yake, kisha akawasha gari mpaka likazima lenyewe. Hii ni kwa sababu kwenye injini za nozeli mafuta yanakaa bombani kwa msukumo mkubwa, zaidi ya ule wa hewa kwenye tairi la gari dogo. Ukifungua nati kichwa kichwa, yanakurukia usoni. Baada ya hapo akatoa waya wa hasi wa betri.

Tatu, akaweka kopo na matambara chini ya filta. Kwenye Celica hii filta iko mbele, ndani ya boneti, imesimama wima. Juu imefungwa kwa bolti yenye tundu ndani, wanayoikamata kwa spana ya 17, na inakaa kati ya ringi mbili za shaba. Chini kuna nati ya bomba, spana ya 14. Hiyo ya chini ndiyo yenye kiburi. Ilikuwa imeshikana na kutu, na mtu mwenye pupa angeiviringa kingo au kulikunja bomba lote. Mzee akaipaka mafuta ya kulainisha, akaiacha, akanywa chai. Akarudi, akaigonga kidogo, akanywa tena chai. Mara ya tatu akatoa spana maalumu ya mabomba, inayoikumbatia nati karibu pande zote, akashikilia filta kwa spana nyingine isijipinde. Nati ikalia "kwi", ikaachia.

Akaigeuza filta ile kwenye bakuli jeupe la plastiki, upande mafuta yanakoingilia. Jamani! Kilichotoka hakikuwa petroli, kilikuwa uji. Mweusi, na chini yake chembechembe nyekundu kama pilipili ya kusaga, na matone ya maji yaliyojitenga kama macho ya samaki. Kutu ya tanki la miaka mingi, mzee akasema, na filta yenyewe ilishachoka zamani. Mafuta machafu ya safarini yalikuja kumalizia tu.

Nikamuuliza kama ndo ule uchakachuaji wenyewe, neno lililovuma sana nchini mwaka 2010, mwaka ambao EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wanaochanganya petroli na dizeli na mafuta ya taa. Akatikisa kichwa. Mafuta ya taa yakichanganywa, injini inagonga, inatoa moshi na nguvu inapungua, lakini filta haijai matope. Hapa adui alikuwa uchafu na maji, basi.

Vipi spea? Nilikuwa najiandaa kuambiwa Dar tena. Mzee akacheka. "Mwanangu, mwili ndio wa spoti. Injini yako ni ukoo mmoja na Carina na RAV4 za zamani. Songea zimejaa." Akamtuma kijana mjini kwa bodaboda akiwa ameishika filta ya zamani mkononi, si jina lake kwenye karatasi, ili walinganishe urefu, mdomo na nati. Akarudi na mpya na ringi mpya za shaba, elfu 30. Ringi za zamani hazirudishwi, zimeshabanwa zikakaa umbo, zitavuja.

Kufunga ni kinyume cha kufungua. Nati zinaanzwa kwa vidole, spana inakuja mwisho. Kama filta ina mshale, mshale unaelekea injini, mafuta yanakokwenda. Fyuzi ikarudi, betri ikarudi. Nikapiga stata, haikuwaka, moyo ukashuka tumboni. "Piga tena, bomba lilikuwa tupu," mzee akasema bila hata kugeuka. Mara ya tatu ikanguruma. Akapitisha tochi na kidole kila penye nati injini ikiwa inaunguruma, kutafuta hata unyevu. Pakavu. Hapo ndipo alipoifunga boneti.

Tukapanda barabara ya kuelekea Matogoro, mzee kiti cha abiria. Kwenye kilima nikakanyaga. Celica ikaruka kama imeitwa jina lake. Mzee akashika mlango, akasema tu, "Eee, sasa ndo gari."

Ufundi, elfu 20. Nilipoongeza kidogo akasema nimnunulie mama yule soda.

Lile soksi la ndani ya tanki na kusafisha tanki lenyewe, alinishauri nikafanye Dar kwa nafasi, na hiyo filta mpya niikague mapema kuliko kawaida, kwa sababu kutu bado imo. Nilifanya hivyo. Kwa kawaida yeye huhesabu kilomita 40,000, lakini kwa gari kongwe na mafuta ya madumu vijijini, kata nusu. Na tanki lisiachwe robo siku nyingi. Nafasi tupu inaleta unyevu, unyevu unaleta kutu.

JUMAPILI YA MAPUMZIKO
Kwa kuwa roho ilishatulia, Jumapili nikazunguka. Usije Songea ukaondoka bila kufika Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni hapo mjini, na baadaye kidogo wakamwua Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Nilikuta kundi la vijana wa shule wakipiga kelele getini, walipotoka walikuwa kimya. Mimi pia.

Jioni nikarudi Mjimwema. Moshi wa kuni, nyumba za matofali ya kuchoma, mahindi mpaka mlangoni, dagaa wa Nyasa wakikaangwa na ugali unaosimama wima. Pale kijiweni ubishi ni wa Majimaji, Wanalizombe wenyewe, na usithubutu kuwaambia habari za Simba na Yanga kabla hujanunua kahawa.

PEREMENDE KWA BIBI
Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi mtaa mzima ulikuwa nje. Kumwingiza Bibi kwenye Celica ilikuwa shughuli, maana kiti kiko chini kama mkeka. Akaingia kwanza kwa kiti, miguu ikafuata, khanga ikabaki nje, tukafungua upya. Akaweka bahasha kifuani na peremende mdomoni, akaamuru twende.

Peremiho ni kama kilomita 24 tu kwa lami, misheni ambayo Wabenediktini waliifungua mwaka 1898. Njia nzima Bibi alipunga mkono kulia na kushoto. Nikamwuliza anawaona anaowapungia? "Siwaoni. Lakini wao wananiona mimi."

Daktari akamchunguza, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na linatolewa. Tukapewa tarehe ya upasuaji wa jicho la kwanza. Bahasha ilitosha. Ingekuwa imegeuka pampu ya laki nne na nusu, tungerudi nyumbani na tarehe bila nauli ya kuifuata. Siku hizi Bibi akimwona mbuzi wa jirani, anamfukuza.

Kwa hiyo wewe mwenye Celica, Fairlady, MR2 au mkweche wowote unaokohoa mlimani, anza na kikopo kabla hujaanza na pampu. Na kama hujawahi kwenda Songea, nenda. Chukua sweta, jaza mafuta kwenye kituo unachokiamini, na ukifika Mjimwema ulizia mwembe.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Alamsiki.